Chana Kwanza, Ndipo Ukate

Chukua gazeti la jana ulichane kutoka juu kwenda chini. Mpasuko unanyooka kama uliopigiwa rula. Sasa lichane kwa ubavu, kushoto kwenda kulia. Linagoma. Linakwenda upande, linarudi, linaacha ukingo wenye meno kama msumeno. Gazeti ni lile lile na mikono ni ile ile. Tofauti imo ndani ya karatasi yenyewe. Kiwandani, nyuzinyuzi za mti humwagwa pamoja na maji juu ya wavu unaokimbia, na nyingi hulala kufuata mwendo wa mashine. Ukichana kwa kuzifuata, zinakupisha. Ukichana kwa kuzikata njia, zinakupinga.

Anayeanza kazi za mikono za karatasi huchagua rangi kwanza, na simlaumu, kwa kuwa rangi ndiyo inayoonekana. Baadaye kadi inapasuka kwenye mkunjo, mfuko unakaa upande, ushanga unafumuka, naye anadhani gundi ndiyo mbovu. Mara nyingi gundi haina kosa. Kabla ya kukata kitu chochote, chana pembe ya karatasi moja ujue nyuzi zimelala wapi. Kama hutaki kuichana, ikunje taratibu bila kuibonyeza, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaokunjika kwa ulaini ndio mkunjo unaokwenda sambamba na nyuzi. Weka alama ya penseli, uendelee.

Malighafi hazinunuliwi, ila si kila karatasi ni ya kuokota. Kalenda za ukutani za mwaka uliopita ni hazina: nene, zina rangi, zinang'aa, na kila Januari watu wanazitupa. Majarida yanafaa kwa shanga ndogo. Karatasi za daftari ni nzuri kwa kutengenezea karatasi mpya. Mfuko wa saruji wa karatasi ndio wenye nguvu kuliko yote hayo, maana nyuzi zake ni ndefu, lakini vumbi lake hubabua ngozi na kuwasha kifua. Ukung'ute nje ukiwa umefunga kitambaa puani na mdomoni, ondoa tabaka la ndani lililogusana na saruji, ufute yaliyobaki kwa kitambaa chenye unyevu. Na usiufanye kamwe kuwa mfuko wa chakula, hata ukiusafisha vipi.

Risiti za mashine za EFD, zile za dukani, ziache kabisa. Ikwaruze moja kwa ukucha: utaona mstari mweusi unajitokeza bila wino. Imepakwa kemikali inayogeuka rangi kwa joto, na kemikali hiyo haifai kuloweka, wala kuchezewa na watoto.

Kuna karatasi nyingine za kuacha kwa sababu tofauti. Nimewahi kununua karanga za kukaanga kwenye koni ya karatasi, zikaisha, nikajikuta nasoma mtihani wa hesabu wa mtoto wa mtu, jina lake juu kabisa na alama 23 kwa wino mwekundu. Nilicheka, kisha nikaona haya kwa niaba yake. Karatasi za hospitali, za benki na za shule zenye majina ya watu si malighafi mpaka ziloweshwe na kutwangwa zisisomeke. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, lakini hata bila sheria, ugonjwa wa mtu si wa kuzungushwa mtaani kwenye bahasha.

Anza na shanga. Uganda wamezifanya kazi ya kulisha nyumba: Kampala, pale Banda, kuna mtaa unaoitwa Acholi Quarters, ambako wanawake waliokimbia vita vya kaskazini mwa nchi hiyo wamekuwa wakiviringisha karatasi kwa miaka mingi na kuuza mikufu hadi ng'ambo. Vifaa vyao hata wewe unavyo: rula, penseli, mkasi, gundi, na kitu chembamba cha kuzungushia. Mimi natumia kijiti cha mshikaki. Spoki ya baiskeli ni bora zaidi, kwa kuwa gundi haiing'ang'anii.

Chukua ukurasa wa A4, upana sentimita 21, urefu karibu 30. Ulaze wima mbele yako. Kwenye ukingo wa chini weka alama kila baada ya sentimita 2, ukianzia pembeni kabisa: 0, 2, 4, mpaka 20. Kwenye ukingo wa juu anzia sentimita 1: 1, 3, 5, mpaka 21. Sasa unganisha alama kwa mistari ya mshazari: 0 ya chini kwenda 1 ya juu, 1 ya juu kurudi 2 ya chini, 2 ya chini kwenda 3 ya juu, vivyo hivyo hadi mwisho. Ukikata utapata pembetatu ndefu 20 kamili na vipande viwili vya pembeni vya kutupa. Kila pembetatu ni ushanga mmoja wenye upana wa sentimita 2, mnene katikati na mwembamba mwishoni.

Weka kijiti kwenye kitako cha pembetatu, upande ule mpana, uzungushe mara mbili bila gundi ili kijiti kitoke baadaye. Kisha paka gundi kiasi tu sehemu iliyobaki, uendelee kuzungusha huku ncha ikikaa katikati. Hapa ndipo mkono hujulikana. Ukizungusha kwa kulegeza, ushanga unakuwa mnene lakini laini, na kidole kikiubonyeza unabonyea. Ukikaza kupita kiasi, karatasi inateleza upande mmoja na unapata kitu kama parapanda. Ushanga mzuri ukiudondosha mezani unalia "tak", kama punje ya mahindi makavu.

Sasa rudi kwenye nyuzi. Karatasi nyembamba ya jarida itakuvumilia vyovyote utakavyoikata. Ya kalenda haitakubali. Ikiwa nyuzi zimelala kwa urefu wa pembetatu, kila ukiiviringisha inataka kunyooka, na uso wake unaong'aa unavunjika nyufa ndogo nyeupe. Igeuze: kata pembetatu zako ili nyuzi zipite kwa upana wake, sambamba na kijiti. Itaviringika kama mkeka uliozoea kukunjwa.

Gundi nyeupe ya maseremala ikipunguzwa kwa maji inafanya kazi vizuri kwa shanga. Kwa kazi nyingine zote mimi napika gundi mwenyewe. Koroga vijiko vikubwa 3 vya unga wa ngano katika maji ya baridi kidogo mpaka mabonge yote yaishe, kisha uumimine kwenye maji yanayochemka, ili maji yote kwa pamoja yafike kikombe kimoja. Endelea kukoroga kwa moto mdogo. Mwanzo ni uji mweupe kama wowote ule. Ghafla unakuwa mzito na weupe unafifia, unaanza kupitisha mwanga, hapo epua. Wanga wa muhogo hushika vilevile, na gundi yake ni angavu zaidi. Ikipoa, ichuje kwa kitambaa. Hukaa siku mbili au tatu kabla ya kuchacha, na matone machache ya mafuta ya karafuu huirefushia maisha. Wazee wengine watakushauri utie mrututu ili mende wasiile. Ni kweli mende hawataila, lakini mrututu ni sumu, na gundi inayofanana na uji haipaswi kuwa na sumu katika nyumba yenye watoto.

Mifuko na bahasha sina mengi ya kueleza, kwa sababu mwalimu wake uko naye: tafuta bahasha iliyotengenezwa vizuri, ifumue kwa mvuke wa birika, uilaze juu ya karatasi yako na kuchora ukingo wake. Cha kuzingatia ni kwamba mikunjo mirefu iende sambamba na nyuzi, na chini ya mfuko uongeze kipande cha boksi. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na Tanzania Bara ikafuata Juni 2019, wenye maduka wameshazoea mifuko ya karatasi, hivyo soko lipo. Mifuko ya magazeti iuze kwa wenye duka la nguo, vitabu au misumari. Wauza vitumbua na chipsi waambie hapana, maana mafuta ya moto huuchukua wino na kuupeleka kwenye chakula.

Kutengeneza karatasi yenyewe ndiko ninakokupenda kuliko yote, na ndiko kulikonitia hasara ya kwanza. Wachina wanamtaja Cai Lun, ofisa wa kasri la mfalme, ambaye mwaka 105 aliwasilisha karatasi iliyotokana na maganda ya miti, katani, matambara na nyavu kuukuu za uvuvi. Kwa hiyo unapotumbukiza madaftari ya mwaka jana kwenye ndoo, hubuni jambo geni. Karatasi ilianza na mabaki.

Chana madaftari vipande vya ukubwa wa stempu, uyaloweke usiku kucha. Asubuhi twanga. Nasema twanga, kwenye kinu, ingawa blenda ni ya haraka. Visu vya blenda hukata nyuzi zikawa fupi. Mchi huzisugua zikachambuka na kuota vinyweleo, na vinyweleo hivyo ndivyo vinavyoshikana karatasi inapokauka. Trei za mayai zinalainika upesi na zinashawishi, lakini zimetokana na karatasi zilizokwisha kurejelezwa na nyuzi zake zimechoka. Tia kiasi kidogo kwa ajili ya rangi yake ya kijivu, usizifanye ndizo msingi.

Tengeneza fremu mbili za mbao zinazolingana, moja itandikwe wavu wa dirishani uliokazwa kama ngoma. Mimina ngumi mbili au tatu za rojo kwenye beseni la maji lita 10, ukoroge kwa mkono. Weka fremu tupu juu ya ile yenye wavu, zishike pamoja, zizamishe wima upande wa mbali wa beseni, zilaze chini ya maji, kisha uzinyanyue zikiwa sawasawa kama unavyoinua sinia la chai. Papo hapo, maji yakiwa bado yanachuruzika, tikisa mara mbili: mbele na nyuma, kushoto na kulia. Mtikiso huo unazisuka nyuzi pande zote. Ndiyo maana karatasi ya mkono haina upande wa kuchanika kirahisi kama gazeti.

Ondoa fremu ya juu, pindulia wavu juu ya kipande cha shuka kuukuu, bonyeza kwa sponji, uinue kuanzia ukingo mmoja. Funika kwa kitambaa kingine, uweke karatasi ya pili, na ya tatu. Zikifika 10, weka ubao juu na ndoo iliyojaa maji juu ya ubao kwa saa moja.

Mara ya kwanza nilikuwa na haraka. Nilizitoa zikiwa bichi nikazianika kwenye bati la paa, jua la Dar es Salaam la saa saba. Niliporudi saa nane nilikuta kaukau. Zimejikunja, zimekakamaa, nyingine zimeshika kutu ya bati. Karatasi husinyaa inapokauka, na usipoizuia inasinyaa itakavyo. Sasa nazibandika zikiwa bado na unyevu kwenye kioo cha dirisha au plywood laini, kivulini penye upepo, na kuziacha zibanduke zenyewe. Wakati wa masika huchukua siku mbili. Usizisogeze karibu na jiko.

Karatasi hiyo bado inanyonya wino kama kitambaa. Ipake uji mwepesi wa wanga, mwepesi kiasi cha kuona kidole chako kupitia ndani yake, uikaushe tena, ndipo uandikie. Ukitaka urembo, tia nyuzi za shina la mgomba zilizokatwa fupi na kuchemshwa mpaka zikalainika kabisa. Usizidishe: kadi yenye nyuzi tatu nne inapendeza, yenye nyuzi mia inafanana na mkia wa mbuzi.

Kuhusu bei, hesabu muda kwanza. Ukurasa mmoja wa A4 hutoa shanga 20 za sentimita 2, yaani sentimita 40, mkufu mmoja wa kukaa shingoni. Kama kila ushanga unakuchukua dakika mbili, hizo ni dakika 40 za kuviringisha peke yake, kabla ya kukata, kupaka na kutunga. Anayekwambia "si karatasi tu?" mpe ukurasa na kijiti.

Halafu vanishi. Kuna dada niliyemuuzia mkufu akauvaa harusini. Kufikia wakati wa kukata keki jasho lilikuwa limeingia kwenye matundu, na rangi ya kalenda ikabaki kwenye kola ya gauni lake. Nilimrudishia pesa na kumlipia dobi. Tangu siku hiyo natunga shanga kwenye mshipi wa kuvulia samaki, zikiwa zimeachana, nazitumbukiza zote kwenye vanishi ya maji, nazining'iniza, na kesho yake narudia. Ukitumia vanishi ya thina, fanyia nje, mbali na moto wowote, hata wa sigara. Zikikauka, chukua ushanga mmoja uuache kwenye glasi ya maji kwa robo saa. Ukiukuta umevimba mdomoni mwa tundu, vanishi haijafika ndani. Zirudishe zote kwenye kopo kabla hujamwonyesha mteja.