Mizizi Ikioza, Mteremko Hulegea

Novemba 2019, baada ya mvua kubwa ya usiku, maporomoko ya ardhi yalifunika vijiji kadhaa vya Pokot Magharibi na kuua zaidi ya watu 40. Mvua hubeba lawama, lakini miteremko mingi hunyeshewa bila kuporomoka. Tofauti ni nini?

Kinachoshikilia mteremko

Uzito wa udongo huuvuta chini. Msuguano na mshikamano wa chembe zake huuzuia. Mteremko ukiwa mkali, uzito hukaribia kushinda. Maji ya mvua yakijaa kati ya chembe huongeza uzito na kuzisukuma ziachane, na udongo huteleza. Anayechimba chini ya mteremko apate kiwanja au mchanga huondoa kitu kinachouegemeza.

Kazi ya mimea

Majani hupunguza kishindo cha matone. Mizizi hunyonya maji na kuufunga udongo kama kamba. Mti ukikatwa, mteremko hauporomoki siku hiyo, kwa sababu mizizi ya kisiki hushikilia kwa muda. Kisha huoza mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana mteremko uliofyekwa unaweza kustahimili masika kadhaa, halafu ukashuka wakati aliyeukata ameshasahau. Miche mipya nayo huchukua miaka kuziba pengo hilo.

Sisi wa Kamere

Sehemu kubwa ya udongo wa kandokando ya Ziwa Naivasha imetokana na majivu ya volkano. Ni mwepesi na humomonyoka haraka. Makorongo yetu ni ushahidi. Kwa hivyo:

- Usifyeke miti, vichaka wala nyasi kwenye mteremko mkali. Visiki vinavyochipua viache vikue.
- Kwenye mteremko wa wastani, lima kwa kukingama, tengeneza matuta ya fanya juu na upande nyasi za nepia ukingoni.
- Kwenye mteremko mkali, usichimbe mitaro inayotuamisha maji.
- Maji ya paa yaelekeze kwenye tangi au mfereji imara.

Dalili za hatari

Nyufa mpya ardhini au ukutani, miti na nguzo zinazoanza kuinama, milango inayokwama ghafla, chemchemi mpya ya maji ya matope. Ukiziona wakati wa mvua, ondoa familia kwanza, hata kama ni usiku. Waamshe majirani walio chini yako. Mkishafika mahali salama, mjulishe chifu au piga 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu.