Mafumbo ya Majina ya Ndege: Soma, Fumbua, Linda Afya



Leo ukurasa wetu wa afya una mchezo. Tutafumbua mafumbo ya maneno, na majibu yake ni majina ya ndege. Ndege hao unawajua. Wengine wako uani kwako, wengine wako shambani, wengine huwasikia usiku.

Huenda ukauliza: Ndege na afya vinahusiana nini? Vinahusiana sana. Kila ndege wa leo anatufundisha jambo moja la kulinda maisha. Mojawapo ya mambo hayo, watu wasiolijua wanaweza kupoteza maisha kwa chakula cha siku moja. Kwa hiyo usiishie kwenye fumbo. Soma na maelezo yanayofuata.

Chukua kalamu na karatasi. Ukiwa na mwenzako, au kikundi chako cha kisomo, ni vizuri zaidi. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadili, kisha wakachimba vyoo. Fumbo nalo tulifanye hivyo: tusome, tujadili, tutende.

NJIA YA KUFUMBUA FUMBO

1. Soma kwanza maelezo ya ndege. Jiulize: Ni ndege gani mwenye tabia hii?

2. Hesabu herufi au nafasi zilizo wazi.

3. Kumbuka irabu: a, e, i, o, u. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia na irabu. Kwa hiyo herufi ya mwisho itafute miongoni mwa hizo tano.

4. Tafuta herufi zinazopenda kukaa pamoja, kama ND, MB, NG na CH.

5. Ukipata jibu, lisome kwa sauti. Sikio likikataa, jaribu tena.

FUMBO LA 1: JAZA NAFASI

K _ NG _ R _

Mimi ni ndege mweusi. Nyumbani kwangu ni penye takataka. Nafasi zote 3 zinataka irabu ileile moja.

Jaribu irabu moja moja. Ukiweka A, unapata KANGARA. Huyo si ndege. Ukiweka U, unapata KUNGURU. Jibu ni hilo.

Wako kunguru wa kwetu wa tangu zamani. Wako pia kunguru wa India, wenye shingo ya kijivu. Hawa waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale takataka za mjini. Wakazaliana, wakaenea pwani, na sasa wamefika hata bara. Wanakula mayai, vifaranga na makinda ya ndege wengine.

Kunguru akitoka jalalani hanawi miguu. Akitua juu ya sahani zako, au ukingoni mwa kisima, anaacha uchafu aliotoka nao. Uchafu huo waweza kuleta kuhara.

Fanya hivi: Chimba shimo la taka, na kila siku funika taka kwa udongo. Funika chakula na mtungi wa maji. Kisima kiwe na mfuniko. Vyombo vikioshwa vianikwe kichanjani, na kabla ya kupakua visuuzwe kwa maji safi. Pasipo na takataka, kunguru hana kazi.

FUMBO LA 2: PANGA HERUFI

D I N U B

Mimi huwinda usiku. Macho yangu ni makubwa. Watu wengi hunichukia bure.

Tazama irabu. Ziko 2 tu: I na U. Basi neno linaishia na mojawapo. Tazama sasa N na D. Hukaa pamoja, kama katika ndizi na ndoo. Zikiwekwa pamoja zinabaki B, U na I. Jibu ni BUNDI.

Baadhi ya watu husema kwamba bundi akilia juu ya paa, mtu wa nyumba ile atakufa. Lakini bundi haleti kifo. Bundi hufuata panya, maana panya ni chakula chake. Ukimwona karibu na ghala lako, ujue panya ndio waliomwita.

Panya ni hatari kuliko bundi. Viroboto wa panya huweza kuleta tauni. Wilaya ya Lushoto, mkoani Tanga, tauni iliingia mwaka 1980, na watu waliendelea kuugua kwa zaidi ya miaka 20. Mgonjwa wa tauni hupata homa kali na uvimbe wenye maumivu kinenani, kwapani au shingoni. Ugonjwa huu unatibika kwa dawa za hospitali, lakini mgonjwa akicheleweshwa anaweza kufa.

Fanya hivi: Usimwue bundi. Weka nafaka katika ghala au chombo kisichopitisha panya. Ukiona panya wengi wanakufa ovyo, usiwashike kwa mkono. Toa habari haraka kwa bwana afya au kwa uongozi wa kijiji.

FUMBO LA 3: PANGA SILABI

A – KWE – LE

Mimi ni mdogo kama shomoro. Natembea na wenzangu kwa maelfu. Wakulima wa mtama, uwele na mpunga wananijua. Jina langu hutamkwa mara mbili.

Jibu ni KWELEA KWELEA.

Tufanye hesabu kidogo. Ndege mmoja huweza kula kiasi cha gramu 10 za nafaka kwa siku. Ni kidogo sana. Lakini wakija ndege milioni 1, watakula gramu milioni 10. Hizo ni kilo 10,000, yaani tani 10, kwa siku moja tu. Ndiyo sababu Serikali hutuma ndege ya kunyunyiza sumu mahali wanapolala.

Sasa sikiliza, ndugu msomaji. Hapa ndipo penye hatari.

Kwelea kwelea ni kitoweo. Katika sehemu kama Kondoa, watu huwatega, wakawala au wakawauza. Ndege aliyenaswa akiwa mzima kwa wavu au mtego, mahali ambapo sumu haikupigwa, ni nyama nzuri. Humpa mtoto chakula cha kujenga mwili.

Lakini ndege aliyekufa kwa sumu si kitoweo. Siku ya pili baada ya sumu kupigwa, ndege hutapakaa chini ya miti. Wengine wamekufa, wengine wanatapatapa hawawezi kuruka. Mtu mwenye njaa huona Mungu amemletea riziki. Hujaza kikapu. Hawaoni jeraha, hasikii harufu mbaya. Lakini sumu imo katika manyoya, imo katika ngozi, imo katika matumbo.

Wako wanaosema: "Tutachemsha sana." Kuchemsha huua vijidudu. Sumu ya dawa si kijidudu. Usitegemee moto wala chumvi wala jua kuiondoa.

Sumu hii hushambulia mishipa ya fahamu. Dalili zake ni hizi:

1. Mate mengi, machozi na jasho jingi.
2. Kichefuchefu, kutapika, kuhara na tumbo kusokota.
3. Kichwa kuuma na macho kutoona vizuri. Mboni za macho huwa ndogo sana.
4. Misuli kutetemeka na mwili kulegea.
5. Kupumua kwa shida. Hii ndiyo dalili inayoua.

Mtu akipata dalili hizi, mwondoe mahali penye sumu. Mvue nguo zenye sumu, mwoshe mwili kwa maji mengi na sabuni. Wewe unayemsaidia jihadhari sumu isikuguse. Usimlazimishe kutapika, wala usimpe maziwa ukidhani yataondoa sumu. Mpeleke hospitali au zahanati bila kuchelewa, na mwambie mganga kwamba amekula au ameshika ndege wa sumu. Ziko dawa za kumsaidia, lakini zinataka haraka.

Fanya hivi: Mkitangaziwa kwamba sumu itapigwa, wafahamisheni watu wote, hasa watoto wachungaji. Mtu asiende huko, mifugo isilishwe huko, na maji ya huko yasichotwe mpaka wataalamu waseme. Sokoni usinunue kwelea kwelea bila kujua wametoka wapi. Na pipa lililokuwa na sumu lisitumiwe kuwekea maji, hata likioshwa mara 100.

FUMBO LA 4: NENO NDANI YA NENO

TU _ _ _ SI

Mimi ni ndege mkubwa, kichwa changu na shingo yangu havina manyoya mengi. Nakula mizoga. Katikati ya jina langu yumo mdudu aletaye malaria.

Mdudu aletaye malaria ni MBU. Mweke katikati. Unapata TUMBUSI.

Kwanza, huyo mbu. Tumbusi humweka katika jina tu. Wewe usimweke chumbani. Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila siku, wewe na watoto.

Pili, tumbusi mwenyewe. Huyu ni mfagiaji wa pori. Mnyama akifa, tumbusi humla upesi kabla mzoga haujaoza na kueneza magonjwa. Tumbo lake lina asidi kali inayoua vijidudu vingi.

Tumbo la mtu si kama la tumbusi. Ng'ombe au mbuzi akifa ghafla, usile nyama yake. Huenda ana kimeta. Mara nyingi mnyama aliyekufa kwa kimeta hutokwa na damu puani, mdomoni au nyuma, na damu hiyo haigandi. Kimeta humpata mtu kwa kula nyama, na hata kwa kushika ngozi au damu.

Fanya hivi: Usimchune wala usimpasue. Mwite bwana mifugo. Mzoga uchomwe au uzikwe katika shimo refu kwa maelekezo yake. Na kamwe usiweke sumu katika mzoga ili kuua fisi au simba. Tumbusi wengi hufa kwa sumu hiyo, na mfagiaji akifa, uchafu unabaki.

FUMBO LA 5: NDEGE 6, NENO 1

Andika jina la kila ndege. Kisha chukua herufi moja kama unavyoelezwa.

1. Ndege mdogo mwenye kelele. Mtu asemaye sana huitwa jina lake. (Herufi 7. Chukua ya kwanza.)
2. Mdomo wake ni mkubwa, na jina lake husemwa mara mbili. (Herufi 10. Chukua ya kwanza.)
3. Anafugwa, anapenda maji. (Herufi 4. Chukua ya pili.)
4. Ana madoa meupe mwili mzima. Akina mama huvaa jina lake. (Herufi 5. Chukua ya tatu.)
5. Hufugwa katika vijumba vya juu. (Herufi 5. Chukua ya pili.)
6. Ana miguu mirefu, hutembea kando ya maji. (Herufi 7. Chukua ya pili.)

Majibu: CHIRIKU, HONDOHONDO, BATA, KANGA, NJIWA, KORONGO. Herufi zake ni C, H, A, N, J, O. Neno ni CHANJO.

Kuku wa kijijini wana adui mkubwa. Wengine humwita kideri, wengine mdondo. Kuku hulegea, huharisha kinyesi cha kijani, hupumua kwa shida, na wengine hupinda shingo. Banda zima laweza kwisha kwa siku chache. Hakuna dawa ya kumponya kuku aliyekwisha kuugua. Iko chanjo ya kumkinga.

Iko chanjo ya tone 1 katika jicho 1 la kuku. Hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4, kama bwana mifugo atakavyoelekeza. Wachanjwe kuku wazima tu, na vifaranga wasisahauliwe. Chupa moja hutosha kuku wengi, kwa hiyo majirani wachange fedha na kuchanja siku moja.

Kuku akipona, mtoto amepona. Yai ni chakula cha kujenga mwili. Mama mjamzito ale mayai, na mtoto wa zaidi ya miezi 6 apewe yai lililoiva. Wanaosema yai humdhuru mama au mtoto wanasema jambo lisilo kweli.

Na chanjo si ya kuku tu. Tazama kadi ya mtoto wako. Kama tarehe ya chanjo imepita, mpeleke kliniki.

KAZI YA NYUMBANI

A. Chukua neno KUNGURU. Ondoa silabi RU, weka NI. Utapata mdudu anyonyaye damu kitandani.

B. M W _ W _. Irabu ni ileile moja. Ndege huyu hunyakua vifaranga.

C. Chukua neno KANGA. Badilisha herufi moja tu. Utapata neno ambalo ni bora kuliko tiba.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kuchemsha hakumsaidii mtu aliyeokota kwelea kwelea waliokufa kwa sumu?
2. Bundi analeta faida gani ghalani?
3. Ng'ombe amekufa ghafla kijijini na watu wana visu mkononi. Utawaambia nini?
4. Kuku wa kijiji chenu walichanjwa lini? Nani atasimamia chanjo ijayo?

Majibu ya kazi ya nyumbani: A. Kunguni. B. Mwewe. C. Kinga.

Ukimaliza kusoma, mpe jirani gazeti hili. Kama hajui kusoma, msomee, hasa fumbo la 3.