Dondoo muhimu: Jumapili ya familia Kigamboni

Panda pantoni Magogoni asubuhi, kabla watu hawajajaa. Geti likifunguliwa msukumano huwa mkali, kwa hiyo mshike mtoto mkono, si begi wala shati. Mwenye gari anaweza kupitia Daraja la Nyerere pale Kurasini, lililofunguliwa mwaka 2016.

Ukifika ufukweni, kubwa ni maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa sita kila zamu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua: maji hupwa mbali, kisha hurudi juu kuliko kawaida. Waulize wavuvi kabla hujatandika mkeka. Maji yakipwa, watoto wavae viatu. Matumbawe hukata vibaya.

Chapati na maji ya kunywa beba, ila ulizia kwanza, maana baadhi ya hoteli za ufukweni hazitaki chakula cha nje.

Wadogo wakiwa majini, mtu mzima mmoja asiguse simu kabisa. Pokezaneni zamu. Na mrudi nyumbani jua lingali juu, kwani foleni ya jioni haina huruma kwa mtoto aliyechoka.