Nyota ya Septemba

Kwetu mapambo hutoka mkesha wa Krismasi: baluni tatu na karatasi ya choo ukutani (msicheke, hata kwangu ni hivyo). Nilipokwenda kusomea Manila, Ufilipino, nilikuta taa za Krismasi zinawaka mwezi wa Septemba! Huko sikukuu huanza mapema hivyo. Nyumba nyingi hutundika taa ya umbo la nyota, ya mianzi na karatasi, ukumbusho wa nyota ya Bethlehemu. Huiita parol.

Mama mwenye nyumba aliniomba nimshikie ngazi. Nikamjibu, "Mama, hata Majilio bado." Akanyamaza, akapanda peke yake. Ni jirani aliyenieleza: mwanawe ni baharia, na ile taa inamngojea. Niliona aibu jamani.

Kesho yake nilishika ngazi. Naye Desemba 16 aliniamsha saa kumi alfajiri, tukaanza Misa za siku tisa. Tukitoka, tunanunua keki ya mchele ya moto nje ya kanisa.

Jadilianeni: Ni nani amehamia kijijini kwenu mwaka huu? Mmeshamuuliza kwao hufanyaje?