SOMO LA MWEZI: NURU YA KUPIGIA PICHA ZA SURA NYUMBANI



Picha ya sura si anasa. Mfanyakazi huihitaji kwa kitambulisho, kwa pasipoti, na kwa jamaa walio mbali. Uso ukitoka giza, picha hukataliwa na senti za mshahara hupotea. Tena mara nyingi mtu huambiwa kuwa kosa ni lake, kwa sababu ngozi yake ni nyeusi mno. Tunasema hapana. Kosa ni la nuru na la jinsi kamera ilivyopangwa.

Tukumbuke historia. Katika karne ya 20, maabara nyingi za kusafisha filamu za rangi zilisahihisha rangi kwa kufuata picha ya mfano ya mwanamke mweupe. Mtu mweusi hakuwa katika kipimo hicho. Hata leo, kamera ikiona pazia jeupe na shati jeupe, hudhani nuru imezidi, ikaipunguza, na uso ukabaki doa jeusi.

Tuchukue mfano wa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, ambako watu wengi waliorudi kutoka ukimbizini Kenya na Uganda wanajua Kiswahili. Nyumba nyingi huko hazina umeme wa gridi, na mafuta ya jenereta ni ghali. Lakini chumba kimoja chenye dirisha chatosha kuwa studio. Kazi ifanywe hivi:

1. Usipige picha uani saa sita mchana. Juba iko karibu digrii 5 kaskazini ya Ikweta, na jua la adhuhuri husimama karibu na utosi. Macho huingia kivulini na mtu huonekana mgonjwa.

2. Ingia chumbani. Jua likipenya moja kwa moja dirishani, tundika kitambaa chepesi cheupe. Nuru itatawanyika na kuwa laini.

3. Kwa picha ya kitambulisho, mtu alitazame dirisha, nawe simama mgongo ukiwa dirishani bila kumzibia nuru. Pande zote za uso zitapata nuru sawa. Kwa picha ya ukumbusho, akae dirisha likiwa ubavuni, mbele kidogo. Upande wa pili weka shuka jeupe au boksi lililobandikwa karatasi ya fedha ya pakiti za sigara, ili lirudishe nuru kwenye kivuli.

4. Msogeze karibu na dirisha. Kwa taa ndogo, ukizidisha umbali mara mbili, nuru inayofika usoni hubaki robo tu. Dirisha kubwa halipungui kwa kasi hiyo, lakini nalo hupungua.

5. Asiegemee ukuta. Umbali wa mita moja na nusu huondoa kivuli nyuma yake.

6. Pima nuru usoni, si kwenye pazia. Kwa simu, gusa uso kwenye kioo, kisha ongeza nuru mpaka ngozi ionekane rangi yake. Futa jasho, lakini usimpake poda mpaka abadilike. Mng'ao kidogo wa paji na mashavu ndio unaoonyesha umbo la uso mweusi.

7. Usiku, elekeza taa kwenye ukuta mweupe ili nuru irudi kwa mtu. Usichanganye taa ya manjano na nuru ya dirisha, kwani rangi zitagombana.

Onyo la usalama: jenereta ikae nje, mbali na mlango na madirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua waliolala.

Maswali ya kujadili tawini:
(a) Kwa nini pazia jeupe huweza kuutia uso giza?
(b) Picha za vitambulisho kazini kwenu hupigwa wapi, na nuru hutoka upande gani?
(c) Picha ikiharibika kwa nuru mbaya, ni haki mfanyakazi alipe mara ya pili?