Somo la Toleo Hili: Kabla ya Kuonyesha Filamu ya Hali Halisi kwa Umma

Mwaka 2018 ilitoka New Moon, filamu ya hali halisi ya Philippa Ndisi-Herrmann. Mtayarishaji huyo alikuja Lamu kurekodi ujio wa bandari mpya, na katika kazi hiyo akasimulia pia safari yake ya kusilimu. Filamu za namna hii zinatuhusu kwa yaliyomo. Kisheria, hata hivyo, hatuwezi kuzionyesha tutakavyo.

Tuseme kikundi cha vijana cha Ras Kitau kinataka kuonyesha filamu kama hiyo uwanjani, au shule inataka kuiweka maktabani. Hatua ni hizi:

1. Jua ulichonunua. Ukinunua diski, umenunua diski. Haki ya kuonyesha kwa umma inabaki kwa mwenyewe. Ndivyo ilivyo chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na haki hiyo hudumu miaka 50. Kutotoza kiingilio hakuondoi haja ya ruhusa. Sheria inaachia nafasi utafiti, matumizi ya binafsi, uhakiki na kuripoti habari, lakini onyesho la uwanjani haliingii humo.

2. Mtafute mwenye haki. Aghalabu si mtu unayemwona kwenye filamu. Soma majina yanayopita mwishoni: ni kampuni ya utayarishaji au msambazaji.

3. Omba leseni inayokufaa. Ipo ya onyesho moja, na ipo ya taasisi, inayoiruhusu shule au maktaba kuonyesha mara nyingi. Taja mahali, tarehe, idadi ya watazamaji, kiingilio kama kipo, na lengo. Bei hutegemea mambo hayo, kwa hiyo kikundi kisicho cha faida kiseme mapema. Ruhusa ya kawaida yaweza kutolewa kwa mdomo, lakini maneno husahaulika, pata barua.

4. Hakikisha filamu ina cheti. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka filamu inayoonyeshwa kwa umma iwe imeidhinishwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu (KFCB), ambayo huonyesha pia umri unaofaa kutazama. Leseni ya mwenye filamu haichukui nafasi ya cheti hiki, wala cheti hakichukui nafasi ya leseni.

Akaunti ya nyumbani nayo si leseni. Hata hivyo, Netflix imeruhusu baadhi ya filamu zake za hali halisi zionyeshwe kwa elimu, bila kiingilio wala kuchangisha fedha. Filamu hizo huwekewa alama ya ruhusa; isiyo na alama, usiionyeshe.

Kwa wanaorekodiwa

Wapiga filamu huja, hurekodi wavuvi, mafundi na akina mama zetu, kisha huondoka. Ukishatia saini fomu ya kukubali kurekodiwa, hujapata haki yoyote ya kuonyesha filamu itakayotoka. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, omba sharti moja liandikwe: kijiji kipewe nakala ya filamu pamoja na leseni ya kuionyesha bure shuleni na barazani. Kabla ya kamera kuwashwa, ombi hilo ni jepesi. Filamu ikishauzwa kwa msambazaji, huenda tukalipia kutazama sura zetu wenyewe.

Kwa maswali kuhusu haki za mwenye kazi, wasiliana na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO).