Kabla Hujabadili Tahasusi: Kwa Wazazi na Wahitimu wa Kidato cha Nne, Kariakoo

Nenosiri la selform, mfumo wa mtandaoni wa kubadili machaguo ya tahasusi na vyuo, ni la mwanafunzi. Si la kijana wa steshenari, si la mjomba mwenye simu kubwa. Tunaanza na hilo kwa sababu kila mwaka malalamiko ni yale yale: binti alitaka PCB, kapangiwa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), kijana alitaka chuo, kapelekwa kidato cha tano. Ukiuliza nani alijaza, mzazi anatazama chini.

Kubadili machaguo baada ya matokeo ni bure. Tunarudia: bure. Anayekudai hela "ya kumwona mtu wa TAMISEMI" ni kishoka. Usimpe hela, usimpe namba ya mtihani. Dirisha likifungwa, hata sisi hatuna ufunguo.

Tangu 2024 tahasusi zimefika 65, kutoka 16 za zamani, zikiwemo za michezo, sanaa na elimu ya dini. Ni hatua ya kujivunia, na elimu kwa umma tumeitoa. Lakini bado wapo wanaochagua kwa kufuata rafiki, au kwa sababu baba mwenye duka Mtaa wa Kongo anataka daktari nyumbani. Udaktari unadai Fizikia, Kemia na Biolojia. Mtoto aliyefaulu Fizikia kwa chupuchupu kidato cha nne, miaka miwili ya PCB haitamhurumia. Na aliyesoma HGL hataingia udaktari hata akipata A zote.

Sifa za kujiunga na kidato cha tano zimo kwenye mwongozo: ufaulu wa C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu, pamoja na masharti ya kila tahasusi. Usome.

Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa 2022, ila godoro, nauli na mahitaji mengine ni juu yako. Tena kidato cha tano si njia pekee. Chuo cha Elimu ya Biashara na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, vyote Barabara ya Bibi Titi, mwendo wa miguu kutoka sokoni, vinatoa stashahada, na mwenye stashahada nzuri huendelea hadi chuo kikuu. Kwa upande mwingine, aliyemaliza kidato cha sita bila ufaulu wa masomo mawili makuu hawezi kuingia chuo kikuu moja kwa moja.

Kaa na mwanao, mwite na mwalimu wake wa taaluma, kisha mtoto ajaze mwenyewe huku unamwona. Mkimaliza, chapeni nakala na muitunze. Ukija kulalamika bila nakala hiyo, hatutakuwa na cha kukusaidia.